Farasi wangapi, na nani kawahesabu?

Ndugu wasikilizaji, mkulima wa kahawa wa Nyaishozi, kule Karagwe, hahitaji kufundishwa maana ya mizani. Anajua kuwa gunia la maganda yasiyokauka sawasawa lina uzito kuliko gunia lile lile likishaanikwa juani siku mbili tatu zaidi. Ukimtajia kilo, atakuuliza: ni maganda au ni kahawa safi? Imekauka au bado? Na ni mizani ya nani? Asipouliza maswali hayo, ataumia mfukoni.

Leo nataka tuyachukue maswali hayo matatu tuyapeleke gereji. Huko nako watu wanauziana namba, na wanunuzi wengi hawaulizi kitu.

Nazungumzia vijana wanaoziongezea nguvu injini za magari madogo, vile vigari vifupi vyenye mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu. Jambo hili si geni. Mwaka 1976 Volkswagen ya Ujerumani iliingiza sokoni Golf GTI, gari la familia lililotiwa injini ya nguvu za farasi 110, na dunia ikashangaa. Wajapani nao wakaja na vya kwao. Toyota Starlet Glanza V ya mwaka 1996, yenye injini ya lita 1.3 tu, ilisaidiwa na tabo ikatoa nguvu za farasi 135. Siku hizi kijana akishabadilisha eksozi, akaongeza tabo kubwa na kuprogramu upya kompyuta ya injini, atakwambia bila kupepesa macho: "Mzee, hii sasa ni mia mbili."

Mia mbili kwa mizani gani?

Mizani yenyewe ipo. Wataalamu huiita dainamomita. Gari hupandishwa juu ya rola za chuma, likafungwa kwa mikanda imara lisiruke. Dereva huweka gia moja, mara nyingi ya nne, kisha hukanyaga mafuta hadi mwisho, kutoka mizunguko ya chini mpaka injini ifike kikomo chake. Mashine hupima jinsi tairi zinavyozisukuma rola na kwa kasi gani, halafu kompyuta huchora mistari miwili: mmoja wa msokoto, mwingine wa nguvu.

Nguvu za farasi ni kipimo alichokiweka James Watt katika karne ya 18, alipotaka wateja waelewe injini zake za mvuke zinafanya kazi ya farasi wangapi. Farasi mmoja wa Mwingereza ni sawa na kuinua kilo 76 kwenda juu mita moja kila sekunde. Farasi wa Mjerumani na wa Mjapani huhesabiwa kwa kilo 75. Mnaona wenyewe kwamba hata farasi hawalingani!

Swali la kwanza, basi, ni hili: ni maganda au ni kahawa safi? Namba iliyo katika kitabu cha gari ni nguvu ya injini yenyewe, kabla haijapita kwenye giaboksi na ekseli. Rola hupima kile kinachofika kwenye tairi. Njiani humo hupotea kiasi, mara nyingi kati ya asilimia 10 na 20. Kwa hiyo gari la farasi 135 kitabuni likionyesha 115 kwenye rola, halijachoka. Na fundi anayechukua namba ya rola akaiongezea ya kubuni kichwani, kisha akailinganisha na ya kitabu, anamchezea mteja.

Swali la pili linatugusa sisi tunaoishi milimani. Injini huchoma petroli kwa kutumia hewa, na hewa hupungua kadiri unavyopanda. Mahali penye mwinuko wa mita 1,500, na ndivyo zilivyo sehemu nyingi za nyanda za Karagwe, kanieneo ya hewa ni kama asilimia 85 tu ya ile ya pwani. Injini isiyo na tabo iliyotoa farasi 100 Dar es Salaam itatoa kama 85 ikifika huku. Wangapi wameteremka kutoka safari ndefu ya pwani, wakaona gari halipandi mlima kama walivyozoea, wakauziwa plagi mpya, chujio jipya na pampu ya mafuta? Gari lilikuwa zima. Kilichopungua ni hewa.

Mashine za kupimia zina dawa ya tatizo hili. Kompyuta husoma joto na kanieneo, kisha hurekebisha namba ionekane kana kwamba gari limepimwa karibu na usawa wa bahari. Hilo ni halali kwa injini ya kawaida. Lakini tabo hujisukumia hewa yake, na kwa sehemu kubwa hufidia upungufu wa mlimani. Ukilipima gari la tabo Nairobi, mji ulio juu ya mita 1,600, kisha ukalipa marekebisho kamili, unaweza kuliongezea karibu asilimia 20 ambayo haikupotea yote. Ndipo farasi 170 wanapogeuka kuwa mia mbili na ushei, na kijana anaondoka anacheka.

Swali la tatu: mizani ya nani? Mashine mbili tofauti hazitoi namba moja. Hata mashine moja hubadilika upepo wa tairi ukipungua, mikanda ikikazwa zaidi, au injini ikipata joto kwa kuwa gari limesimama na feni iliyo mbele yake ni ndogo. Ndiyo maana ulinganisho wa haki ni mmoja tu: gari lile lile, mashine ile ile, gia ile ile, petroli ile ile, kabla na baada ya kazi, na lipimwe si chini ya mara tatu kila upande. Kinachofaa kulipiwa ni ile tofauti, si namba kubwa iliyobandikwa ukutani.

Na hata rola zenyewe zinaweza kudanganywa. Mwezi Septemba 2015 serikali ya Marekani iliitangazia dunia kuwa Volkswagen, kampuni hiyo hiyo ya Golf, iliweka katika magari ya dizeli programu iliyotambua kuwa gari lipo kwenye vipimo. Likiwa juu ya rola, moshi wake ulikuwa safi. Likiingia barabarani, baadhi ya sumu iliongezeka hadi mara 40. Magari yapatayo milioni 11 duniani yalihusika. Waliosaidia kulifichua jambo hilo ni watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia, waliofunga vipimo kwenye magari wakayaendesha njiani. Ikiwa kampuni kubwa namna hiyo ilidiriki, itakuwaje kwa gereji ya uchochoroni?

Ndugu wasikilizaji, mtaniuliza, haya yote yanamhusu nini mtu anayetaka tu kufika Omurushaka na kurudi? Yanamhusu kwa mambo mawili.

Kwanza, kwenye vilima vyetu kinachokupandisha ni msokoto wa mizunguko ya chini. Tabo kubwa huleta kilele kizuri cha kujivunia mizunguko ikizidi 6,000 kwa dakika, lakini huko chini injini huwa imelala. Utakuwa umelipa fedha nyingi kununua gari linalopanda vibaya kuliko mwanzo. Kwa hiyo usiombe namba ya kileleni peke yake. Omba ule mchoro mzima.

Pili, rola hizi za kupimia nguvu hazipimi breki. Gari linalokwenda kilometa 120 kwa saa lina nishati zaidi ya mara mbili ya lile la kilometa 80, na nishati hiyo yote lazima izimwe na breki zile zile zilizotengenezewa injini ya zamani. Kwenye mteremko wenye kona, wenye watoto wa shule na waendesha bodaboda, hesabu hiyo haina marekebisho ya kompyuta.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Fundi mwaminifu atakupa karatasi mbili, ya kabla na ya baada, zikiwa na tarehe, joto la siku hiyo na aina ya marekebisho aliyotumia. Asiyekuwa nazo, mwache abaki na farasi wake. Nanyi wazazi mnaoombwa fedha za tabo, ulizeni kwanza breki zitagharimu kiasi gani.

Tukijaliwa, tukutane tena juma lijalo.