SFTP na Uelekezaji wa Poti kwenye Seva ya Linux ya Nyumbani



Anayetaka kufikia faili za nyumbani akiwa mbali bado hushauriwa aweke FTP, afungue poti 21, basi. Mada hii inapinga ushauri huo. Kanuni za FTP zinazotumika hadi leo ziliandikwa mwaka 1985. Jina na nenosiri husafiri waziwazi, na aliye katikati ya njia huyasoma. Isitoshe, amri hupita poti 21 lakini faili hupita poti nyingine. Ndiyo maana mtu huingia vizuri, kisha orodha ya faili isionekane.

Mwaka 1995 Tatu Ylönen, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, alitunga SSH, njia salama ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, baada ya manenosiri kunaswa kwenye mtandao wa chuo hicho. SFTP hupita ndani ya SSH, hutumia poti 22 peke yake, na kila kitu husimbwa kwa njia fiche. Kwenye Debian au Ubuntu, ukisakinisha openssh-server umeipata.

Sasa ruta. Seva ina anwani ya ndani, tuseme 192.168.1.50, ambayo haifikiki kutoka nje. Kuelekeza poti ni kuiagiza ruta kwamba kila anayebisha hodi kwenye poti fulani apelekwe kwenye seva hiyo. Kwanza itengee seva anwani yake katika DHCP ya ruta, yaani huduma inayogawa anwani. La sivyo, umeme ukikatika na kurudi, seva inaweza kupewa anwani nyingine, na wageni wakaelekezwa kwenye televisheni iliyochukua anwani ya zamani.

Hapa ndipo wengi hupoteza siku nzima bure. Kabla ya kugusa chochote, linganisha anwani ya nje inayoonekana ndani ya ruta na ile inayoonyeshwa na tovuti za kukagua anwani. Zikitofautiana, na ile ya ruta ikawa inaanza na 10, au iko kati ya 100.64 na 100.127, mtoa huduma wako amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Hali hii ni ya kawaida kwenye intaneti ya mitandao ya simu. Ruta yako haina kosa, na haitasaidia hata uiwashe upya mara ngapi. Omba anwani ya umma, au kodi seva ndogo nje na uiache ya nyumbani ijiunganishe nayo kwa ssh -R au kwa WireGuard, ambayo imo ndani ya kiini cha Linux tangu mwaka 2020.

Funguo zitangulie poti. Tengeneza ufunguo kwa ssh-keygen -t ed25519, uupeleke kwa ssh-copy-id, kisha weka PasswordAuthentication no kwenye mipangilio ya sshd. Usitosheke na ulichoandika kwenye faili ya mipangilio: washa huduma upya, na amri ya sudo sshd -T itakuonyesha mpangilio unaotumika kweli. Jaribu kuingia kwa dirisha la pili kabla ya kufunga la kwanza. Kubadili poti 22 kuwa namba nyingine hupunguza kelele za roboti zinazobahatisha manenosiri. Ulinzi wenyewe ni ufunguo.

Ombi langu kwenu: mwenye FTP iliyo wazi kwenye intaneti aizime leo kabla ya kulala, na poti 21 aiondoe kwenye ruta.