Pensheni ni Jasho Lililohesabiwa



Wapo watumishi wanaodhani kwamba pensheni ni hisani anayopewa mzee anapoaga kazi. Fikra hiyo ni potofu. Pensheni ni ujira uliowekwa akiba. Katika Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, ulioundwa mwaka 2018 kwa kuunganisha mifuko minne, mtumishi hukatwa asilimia 5 ya mshahara wake na mwajiri huchangia asilimia 15.

Mjadala mkali umekuwa juu ya mkupuo, wala haishangazi. Kanuni za mwaka 2018 ziliushusha hadi asilimia 25 hata kwa waliotazamia asilimia 50. Zilisitishwa Desemba mwaka huo huo baada ya malalamiko, na mwezi Julai 2022 ikawekwa asilimia 33. Hata hivyo, mkupuo ni ugawaji wa chakula kilichokwisha kupikwa. Wingi wa chakula chenyewe hutokana na mambo mawili: miezi ya kuchangia na kiwango cha mshahara.

Hesabu yake si ya mafumbo. Huchukuliwa wastani wa mshahara wa mwaka katika miaka mitatu iliyo bora ndani ya miaka kumi ya mwisho, ukazidishwa kwa miezi ya kuchangia, kisha ukagawanywa kwa 580. Mchukulie mwalimu aliyechangia miezi 360, ambaye wastani wake ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi. Pensheni yake kamili, kabla ya kutolewa mkupuo, ni kama shilingi 620,690 kwa mwezi. Michango ya miezi 24 isipoonekana katika kumbukumbu, hupungukiwa shilingi 41,379 kila mwezi. Na kama alistahili daraja lenye mshahara wa shilingi 1,200,000 lakini barua yake ikalala kabatini hadi akastaafu, hupoteza shilingi 124,138 kila mwezi. Uzembe wa karani mmoja humfuata mzee hadi kaburini.

Aidha, ruhusa ya kustaafu kwa hiari katika umri wa miaka 55 si amri. Mwalimu huyo akiendelea hadi miaka 60, kwa mshahara ule ule, miezi 60 ya ziada humwongezea shilingi 103,448. Na asiyefikisha miezi 180 hana pensheni ya kila mwezi.

Ieleweke pia kwamba posho, hata ikiwa nono, haimo katika hesabu hii. Anayekimbilia safari na semina huku akiacha mafunzo yatakayompandisha daraja anakula mbegu.

Hivyo basi, kila mtumishi hana budi kukagua taarifa ya michango yake kila mwaka, na kutunza barua za ajira, za kuthibitishwa kazini na za kupandishwa cheo. Pengo la mwaka huu hutafutwa mwaka huu, wakati mhasibu bado yupo na jalada bado lina kurasa zake. Si miaka ishirini baadaye, mzee akiwa na mkongojo mlangoni.

Lakini wajibu si wa mtumishi peke yake. Mwajiri anayechelewesha mchango, na afisa anayelalia jalada la mwenzake, wote wanadhulumu jasho la mfanyakazi. Viongozi wa matawi ya vyama vya wafanyakazi wayadai majalada hayo leo. Haki ya mzee hutetewa angali kijana.