Hotuba ya Karani Mbele ya Mkutano Mkuu: Shamba na Kazi Katika Migori na Homa Bay



Mimi ni karani tu, na kazi yangu ni kutunza daftari. Lakini daftari nalo lina maneno yake. Penye safu ya kazi wanachama wengi wamejiandika "mkulima", na penye anwani wameandika Nairobi au Nakuru. Hapo kwanza nilidhani ni kosa la kalamu. Sasa naona kuwa ndiyo habari yetu kamili: mtu amekwisha kuondoka shambani, wala hajafika kazini.

Mwaka 1954 mtaalamu Arthur Lewis, mzaliwa wa kisiwa cha St. Lucia, aliandika kwamba nchi hubadilika pale watu waliozidi shambani wanapopata kazi ya mshahara penginepo. Akaonya vile vile kuwa viwanda havitasitawi ikiwa wakulima wa chakula hawazidishi mavuno yao. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Nasi huku tuliundiwa kampuni ya sukari Awendo.

Tusiidharau sukari. Muwa ukisha kukatwa haungoji, maana utamu wake hupungua. Kwa hiyo kiwanda hakina budi kukaa karibu na shamba, na pamoja nacho fundi, dereva, hata karani kama mimi. Ila muwa hukaa ardhini mwaka mmoja na nusu au zaidi, na mwenye ekari mbili akizipanda zote hununua unga muda wote huo. Wazee mnazijua nyumba ambazo fedha ya miwa ilikwisha kwa madeni kabla haijafika mkononi.

Sasa tazameni viazi vitamu vya Kabondo. Hukomaa kwa miezi michache, na shamba dogo huvitosha. Lakini huondoka katika gunia la lumbesa, lililojazwa kupita kimo chake, kwa bei ya gunia moja. Kuchagua, kuosha, kuuza kwa kilo: kazi hizo zote hupanda lori pamoja na viazi. Huko Kimira na Oluch maji ya mito ya Awach yameletwa mashambani kwa mifereji, jambo la kusifiwa sana. Walakini mavuno yakiongezeka na kuondoka vivyo hivyo, vijana nao watayafuata.

Hazina yetu hununua majeneza na kukodi magari ya kuwarudisha marehemu nyumbani, wala sisemi tuache. Naomba tu sehemu ya ada ya mwaka ujao itengwe kwa mizani na kibanda cha kukaushia viazi, vitunzwe na akina mama wanaolima. Mzee mmoja ameniambia kuwa mizani haimziki mtu. Ni kweli, baba. Lakini mwaka huu nimeandika daftarini vijana wasio na kazi wengi kuliko marehemu.

Bwana Mwenyekiti, naliweka shauri hili mbele ya mkutano lipigiwe kura.