Swali Linaloeleweka: Hotuba ya Mahafali ya Ualimu, Mapinga



Mwalimu anayehitimu leo hapa Mapinga, wilayani Bagamoyo, atapokea darasani mtoto wa Kidato cha Kwanza ambaye, kama wenzake wengi wa shule za serikali, amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili na sasa anatakiwa kujifunza na kupimwa kwa Kiingereza katika karibu masomo yote. Tume ya Makweta, iliyoundwa kuchunguza elimu ya Tanzania, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kitumike kufundishia sekondari pia. Pendekezo hilo halikutekelezwa, na kazi ya kumvusha mtoto huyo ikabaki kwa mwalimu.

Wataalamu wa upimaji huzungumzia uhalali wa mtihani, yaani kadiri mtihani unavyopima kile ulichokusudiwa kupima. Swali la biolojia ambalo mwanafunzi hulikosa kwa sababu sentensi imemshinda, ilhali jambo lenyewe analijua, limepima lugha na kuiita biolojia, na huko ni kumdhulumu. Utafiti wa SPINE, uliofanyika Zanzibar, ulirahisisha lugha ya maswali ya mitihani bila kugusa maarifa yanayopimwa, ukaonesha kuwa baadhi ya wanafunzi waliokwama katika swali la awali walilijibu vizuri lilipoandikwa upya.

Kiswahili nacho huweza kufumbwa vivyo hivyo. Mtoto wa Bagamoyo anayeyafahamu mashamba ya chumvi tangu utotoni huenda akaduwaa akiambiwa: “Jadili vigezo bainifu vya kasi ya uvukizi katika muktadha wa uzalishaji wa chumvi.” Mtoto huyohuyo atashika kalamu akisoma: “Uvukizi ni maji kugeuka kuwa mvuke. Taja mambo mawili yanayoharakisha uvukizi katika shamba la chumvi, kisha eleza kwa nini.” Istilahi, yaani neno la kitaalamu, haikuondolewa bali imefafanuliwa, na mwanafunzi bado anadaiwa kufikiri juu ya jua, upepo na kina cha maji. Wanaodai kwamba kurahisisha lugha ni kushusha kiwango wanachanganya ugumu wa fikra na ugumu wa maneno.

Wahitimu wanaombwa, kabla ya kuchapa mtihani wowote, wampe mwalimu wa somo jingine ausome, na kila sentensi atakayolazimika kuirudia iandikwe upya.