Kikanisa cha Malindi na Swali la Mwaka 1542



Usharika unapotimiza miaka 100, yafaa ikumbukwe nyumba ya ibada iliyozitangulia sharika zote za Kilutheri za Afrika Mashariki: kikanisa cha Wareno kilichoko Malindi, nchini Kenya, kando ya bahari.

Vasco da Gama alitia nanga Malindi mwezi Aprili 1498. Mfalme wa mji huo, aliyekuwa na uhasama na Mombasa, alimpokea kwa wema. Kutokana na urafiki huo Wareno walipata mahali pa kukaa, pa kusali na pa kuzikia wafu wao. Kikanisa chenyewe hakina mnara wala madoido. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa, paa lake ni la makuti, na makaburi yamekizunguka. Vifaa hivyo ndivyo walivyojengea Waswahili misikiti na nyumba zao. Imani ilitoka ng'ambo, lakini nyumba yake ilisimamishwa kwa mawe ya pwani hii hii.

Mwaka 1542, Martin Luther akiwa angali hai huko Wittenberg, mmisionari Mkatoliki Francis Xavier alipita Malindi akielekea Goa, akamzika hapo mtu aliyefia merini. Katika barua aliyoiandika Goa mwezi Septemba mwaka huo, asimulia kwamba Mwislamu mmoja mashuhuri wa mji alimwuliza kama makanisa ya Wakristo hujaa watu, na kama watu hao huomba kwa bidii. Kwa maana Malindi ilikuwa na misikiti 17, lakini ni 3 tu iliyohudhuriwa, tena na wachache. Mtu huyo hakuona haya kuungama upungufu wa watu wake. Xavier alimjibu kwa ukali kwamba Mungu hapendezwi na sala za wasioamini. Hivyo swali lililowaelekea Wakristo likageuzwa kuwa hukumu juu ya aliyeuliza.

Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu huko Mombasa, wakahamishia makao yao huko, Malindi ikafifia. Kikanisa kilibaki, na mwaka 1935 kikatangazwa kuwa mnara wa kumbukumbu wa taifa. Kuta zilidumu, waliozijenga waliondoka.

Mtume Petro aliwaita waamini mawe yaliyo hai. Ni haki kumshukuru Mungu kwa miaka 100 na kwa mikono yote iliyojenga. Hata hivyo, swali la yule mtu wa Malindi lingali linabisha hodi katika kila mlango wa kanisa: Je, nyumba hii hujaa? Na wanaoijaza huomba kwa bidii? Jibu lake haliandikwi katika kitabu cha kumbukumbu. Litaandikwa na karne ya pili, Jumapili baada ya Jumapili.

Utukufu ni wa Mungu peke yake. Amina.