Mimi na Wewe Katika Neno Moja



Mapema mwaka 2008, baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, wengi wetu tulivuka mpaka hapa Busia na kule Malaba, tukapelekwa kambi ya Mulanda, wilayani Tororo. Huko tulikotoka, mtu alisikilizwa matamshi yake, kisha akahukumiwa. Lugha ikawa kosa.

Mimi ni mwalimu, basi nawapeni somo fupi. Mkikuyu humwambia mpenzi wake "ningwendete". Mjaluo husema "aheri". Mganda husema "nkwagala". Sisi sote husema "nakupenda". Yachambueni maneno haya: katika kila moja mmo "mimi", mmo "wewe", na upendo. Ukimwondoa mmoja, neno linavunjika.

Wazazi, ombi langu ni hili. Mtoto asifundishwe nyumbani majina ya kudharau makabila mengine. Ajue neno la upendo kwa lugha ya mama yake, kisha alijue kwa lugha ya jirani. Atakayelijua hivyo, matamshi ya jirani hayatamtia chuki.