Kila Jiko Lina Siri Yake: Tuanzishe Klabu za Mapishi Vitongojini

Hotuba ya Afisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa wakazi wa kata



Nimepewa dakika chache, nami sitazitumia kuomba mchango. Ninaomba jambo dogo: mara moja kwa mwezi, kila mmoja wetu apike chakula anachokijua, akilete mahali pamoja na majirani zake, na aeleze alivyokipika.

Nianze na deni langu mwenyewe. Nilipohamia wilayani humu, jirani yangu, bibi mmoja mzee, alikuwa akiniletea bakuli la majani ya maboga yaliyoungwa kwa mbegu za maboga zilizotwangwa. Nilikula, nikashukuru, nikarudisha bakuli. Sikuuliza mbegu hukaangwa kwa muda gani, wala hutiwa lini. Mwaka jana tulimzika. Nimejaribu mara nyingi kuipika mboga ile, nayo hutoka chungu. Ujuzi wake ulikwenda naye, na kosa si lake. Mimi sikuuliza.

Ndugu zangu, Mkoa wetu wa Njombe hulisha wengine. Mahindi, viazi na maparachichi huondoka hapa kwa malori. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionesha kuwa takribani nusu ya watoto wa mkoa huu wenye umri chini ya miaka 5 wamedumaa, ilhali wastani wa taifa ni asilimia 30. Sababu za udumavu ni nyingi, yakiwamo maradhi ya mara kwa mara, maji yasiyo salama na kazi nyingi zinazomtenga mama na mtoto. Lakini sababu moja imo ndani ya uwezo wa majiko yetu. Mtoto hupewa uji mtupu wa mahindi, kisha ugali na mboga ileile, siku baada ya siku. Tumbo linashiba, mwili unabaki na njaa.

Maafisa lishe wametufundisha makundi 6 ya chakula, na mabango yapo katika zahanati zetu. Lakini bango halina harufu wala ladha. Mama haamini kwamba mwanawe atakula uji uliochanganywa na parachichi hadi amwone mtoto wa jirani akiulamba.

Wahenga walisema, akili ni nywele, kila mtu ana zake. Katika kata hii yupo anayejua kukausha mboga zikafika kiangazi. Yupo aliyeolewa kutoka mwambao wa Ziwa Nyasa, ajuaye kuunga dagaa hata mtoto akaomba nyongeza. Yupo baba aliyewahi kupikia wanafunzi, ajuaye kulainisha maharage kwa kuni chache. Ujuzi huu umefungiwa ndani ya kuta za nyumba zetu.

Tuanze hivi. Kwanza, wakusanyike watu 10 hadi 15 wa kitongoji kimoja, ili pasiwe na nauli. Wanaume wasiachwe, maana asiyejua thamani ya kunde hatatoa fedha ya kuzinunua.

Pili, chakula kitokane na mashamba na soko letu. Asikope mtu nyama ili asifiwe. Siku sahani zitakapogeuka mashindano, mwenye kidogo atabaki nyumbani, na huyo ndiye tunayemhitaji zaidi.

Tatu, kuwe na daftari moja la mapishi, kwa vipimo vya nyumbani: kikombe, kijiko, kiganja. Mzee aseme, kijana wa shule aandike.

Nne, mikono ioshwe kwa maji tiririka na sabuni, chakula kifunikwe, kiliwe kingali moto. Mahindi na karanga zenye ukungu zisiletwe kabisa, kwa kuwa sumukuvu haimalizwi na moto wa jikoni. Na mtoto asiyetimiza miezi 6 asionjeshwe chochote. Maziwa ya mama yanamtosha.

Halmashauri haitagawa sufuria, wala klabu hizi si mlango wa mikopo. Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata atawasaidia kuweka taratibu zenu. Nanyi, kila robo mwaka, katika Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, leteni chakula kimoja kutoka katika daftari lenu, wazazi wakionje wakati watoto wao wanapimwa.

Msisubiri barua. Jioni ya leo, mwendeeni mzee mmoja jirani, mkamuulize mboga aliyopikiwa utotoni na namna ilivyopikwa. Mimi nilirudisha bakuli bila kuuliza. Ninyi ulizeni mapema.